Magoti Yangu na Sindano za Mikumi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Apewe sifa na waliokaa mbele, na waliokaa nyuma karibu na mlango, na yule aliyebaki nyumbani leo kwa sababu hawezi kufika. Huyo wa nyumbani ndiye ninayemfikiria zaidi asubuhi hii, maana kwa muda mrefu huyo nilikuwa mimi.

Mnaonijua mnaniita Mama Kulwa. Kwa wageni niseme kidogo. Mimi ni Msukuma, naishi hapa Chanzuru. Nilikuja Kilosa na marehemu mume wangu, Masanja, tukitokea upande wa Shinyanga, watoto wakiwa wadogo na ng'ombe wetu mbele yetu, tukitafuta majani. Mungu alitubariki hapa. Tulilima mahindi na mpunga, tulifuga, na mimi nikaimba kwaya ya kanisa hili miaka mingi, sauti ya pili. Masanja hakuwa mtu wa kuimba. Alikuwa anakaa benchi la nyuma na kunisubiri, kisha tunarudi nyumbani tukiongea Kisukuma njia nzima.

Masanja alifariki kwa homa, tukamzika pale nyumbani. Baada yake wanangu mapacha, Kulwa na Doto, wakaona malisho yamebana na mambo ya ng'ombe na mashamba ya watu yamekuwa magumu. Wakahamisha ng'ombe kwenda kusini, mkoa wa Lindi. Walitaka niende nao. Nilikataa kwa sababu kaburi la baba yao liko hapa. Tena nilikataa kwa sababu magoti yangu yalikuwa yameanza, na nilijua siwezi safari ile. Nilisimama mlangoni nikawaona wakiondoka na vumbi lao, na jioni ile nikapika ugali wa watu wanne kwa mazoea.

Ndugu zangu, maumivu ya magoti hayana damu. Mtu akikutazama haoni kitu. Anaona mama mzima, mnene, amekaa. Asubuhi nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda nikiyasugua mpaka yakubali kukunjuka. Nikisimama yanalia, nikikaa yanachoma kama kuna kaa la moto ndani. Choo chetu ni cha shimo, mnakijua. Kuchuchumaa kulikuwa mateso, na kuinuka kulikuwa mateso zaidi, nikishika ukuta wa mabua na kuogopa utang'oka. Nikaacha kunywa maji mchana ili nisiende chooni. Hilo sikumwambia mtu. Mama mzima utaanzaje kumwambia mtu jambo hilo?

Kwetu mwanamke humsalimia mkubwa wake kwa kupiga magoti. Nimezaliwa hivyo na nimeolewa hivyo. Kaka mkubwa wa mume wangu alipokuja kuliona kaburi, nilimpa shikamoo nimesimama, nimeshika nguzo ya nyumba. Aliitikia marahaba, lakini niliuona uso wake. Alilala usiku mmoja tu, akaondoka. Nilijua anakwenda kusema huko nyumbani kwamba mjane wa Masanja siku hizi amekuwa na kiburi.

Wasukuma wengine wa kitongoji chetu walikuwa wamekwisha kuhama na mifugo yao. Lugha yangu ikabaki bila mtu wa kuipokea. Nikawa nawasemesha kuku. Nawaambia "mwangaluka" asubuhi, ile salamu yetu ya kuamkiana, kisha nawaeleza nilivyolala. Msicheke sana. Mtu asiposema lugha ya mama yake mchana kutwa, jioni anajisikia kama hakuishi siku ile.

Nilikwenda hospitali Kilosa. Nawashukuru walionihudumia. Walinipiga picha, na daktari, kijana mpole, akaninyooshea ile picha dirishani. Akaniambia ni baridi yabisi ya uzee, magoti yamesagika. Ule mto laini ulioko kati ya mfupa na mfupa umelika, sasa mfupa unakaribia kugusa mwenzake. Akanipa vidonge vya maumivu, akanionyesha mazoezi ya kuinua mguu nikiwa nimekaa, akaniambia nipunguze uzito na nisibebe mizigo. Maneno yake yote yalikuwa ya kweli. Lakini mtu anayeishi peke yake atambebesha nani ndoo? Mazoezi niliyafanya siku chache nikaacha, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo wa kunihimiza. Vidonge nilivimeza tumboni mkiwa hamna kitu, kwa kuwa mtu mmoja akijipikia, ndugu zangu, kuna siku anaona hata kuwasha moto ni hasara. Tumbo likaanza kuniwaka. Nikawa na magonjwa mawili.

Sasa niseme la hapa kanisani, na nitalisema kwa upendo. Mhubiri mmoja mgeni alipita kwetu, wengi wenu mnakumbuka. Aliniita mbele na fimbo yangu, akaomba kwa nguvu, akaniambia niitupe. Niliitupa. Nilitembea mpaka madhabahuni na kurudi, mkashangilia, na mimi nilishangilia. Sikudanganya, saa ile sikusikia maumivu. Lakini kesho yake sikuweza kushuka kitandani. Habari ikaenea. Dada mmoja akaja akaniambia kwa sauti nzuri kabisa kwamba labda niliruhusu mashaka yaingie.

Sisemi haya kumshitaki mtu. Mungu anaponya kwa maombi, na wapo humu walioponywa, nawajua. Lakini mimi sikupona siku ile, na sikujua nikae wapi na jambo hilo. Ningekujaje hapa na fimbo ileile, nipite katikati ya watu walionishangilia? Nikabaki nyumbani. Jumapili ya kwanza akina mama walikuja wengi kunitazama. Baadaye wakaja wawili. Halafu mvua zikaanza, kila mtu akaingia shambani kwake, na siwalaumu, kwa kuwa mvua haimsubiri mtu. Nilikuwa nasikia ngoma za kwaya kwa mbali upepo ukivuma kutoka huku, na nilikuwa najua ni wimbo gani, na nilikuwa naingiza sauti ya pili pale jikoni. Sauti ya pili ikiimbwa peke yake haijulikani ni wimbo gani.

Nilianza kumwomba Mungu anichukue. Sikumwomba kwa machozi. Nilimwomba kama mtu anayeomba lifti, kwa kuwa njia ni ndefu na gari limepita.

Siku moja ya masika maji yaliniishia. Zuhura, binti wa jirani yangu, ndiye aliyekuwa akiniletea ndoo mara mojamoja, lakini siku ile walikuwa shambani mapema. Nikachukua kidumu kidogo na fimbo, nikateremka kisimani. Kile kisima kina mteremko wa udongo mweusi, mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Nilikuwa nimekaribia kabisa. Goti la kulia likakataa. Halikuteleza, lilikataa tu, likakunjika chini yangu, nikaanguka na uzito wangu wote juu yake.

Nilijaribu kuinuka, sikuweza. Nilijaribu kutambaa, lakini anayetambaa hutambaa kwa magoti. Nikaita. Niliita kwa Kiswahili, nikimwita yeyote. Nilisikia redio ikiimba kwenye nyumba fulani mbali. Nilisikia pikipiki ikipita barabarani, ikapungua mwendo pale penye dimbwi, nikadhani imenisikia, kisha ikaenda. Jua likapanda. Nilipochoka niliacha Kiswahili nikaita kwa Kisukuma, nikimwita mama yangu, ambaye alikwisha kufa kabla hata sijaja Kilosa. Ndugu zangu, mpaka leo sijui lugha gani ya kuelezea saa zile. Maji ya kunywa yalikuwa hatua chache kutoka kichwani pangu, na sikuweza kuyafikia.

Aliyenikuta ni Mama Zuhura, jirani yangu. Nimtambulishe vizuri. Yeye ni mwenyeji wa hapa hasa, Msagara, Mwislamu, wa rika langu. Zamani ng'ombe wetu waliwahi kuingia kwenye mahindi yake. Wazee wa pande zote mbili walikaa, Masanja akalipa, mambo yakaisha. Lakini yalivyoisha ndivyo tulivyobaki: tunasalimiana kwa kupita, habari za asubuhi, nzuri, basi. Alikuwa anamruhusu binti yake aniletee maji, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuingia kwangu.

Alifika alasiri na ndoo yake kichwani. Aliponiona aliishusha, akajaribu kuniinua, akashindwa. Akajaribu tena. Basi akaketi chini kwenye tope lile pamoja nami, akachovya ncha ya kanga yake kisimani, akanifuta uso.

"Umeanguka saa ngapi?" akaniuliza.

"Asubuhi."

"Na hukuita?"

"Niliita."

Akatazama chini. Alimpigia simu Zuhura, na mpaka Zuhura alipofika alikaa pale ameushika mkono wangu, sketi yake imeloa. Wawili wale walinibeba mpaka nyumbani. Mama Zuhura aliwasha moto wangu, akanipikia uji, akakaa mpaka nikaumaliza. Kesho yake akarudi. Kesho kutwa akarudi. Akaanza kunieleza habari zake, nami zangu.

Ndipo aliponiambia habari za dada yake mkubwa, Bi Asha, anayeishi Mikumi. Bi Asha alikuwa na magoti kama yangu, akitembea nyumbani mwake kwa kusukuma kiti mbele yake. Sasa anakwenda sokoni mwenyewe. Alitibiwa na daktari mmoja wa kliniki ya hukohuko Mikumi, mwanamke, aliyesomea kwa Wachina tiba yao ya sindano. Nikamuuliza ni sindano ya dawa gani. Mama Zuhura akasema haina dawa yoyote ndani. Ni nyembamba kama unywele, wanakuchoma kwenye goti na kwenye mguu, wanaziacha zimesimama, baadaye wanazichomoa, unakwenda nyumbani. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu, kikanitoka kicheko kikubwa mpaka kuku wakakimbia.

Habari ilifika kanisani. Mzee Elikana, mzee wetu wa kanisa, akaja kuniona. Yupo hapa, na ameniruhusu nilisimulie hili. Alikaa kwenye kigoda, tukasalimiana, akaniuliza hali, kisha akasema lililomleta.

"Mama Kulwa, sindano isiyo na dawa inafanya kazi kwa nguvu ya nani?"

Aliomba pamoja nami akaondoka. Swali lake lilibaki ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Nilikuwa na hofu ya kweli, ndugu zangu. Niliwaza, nimekwisha kukosa mume, nimekosa wanangu, nimekosa kwaya. Je, nikienda kutafuta nafuu kwa Wachina nimkose na Bwana? Na upande mwingine niliwaza kile kisima. Nilijua nikianguka tena pale sitainuka.

Nikafanya jambo moja ambalo nawashauri wote. Nilirudi kwanza hospitali Kilosa, Mama Zuhura akinisindikiza, nikamuuliza daktari yule kijana waziwazi. Hakunicheka. Alisema tiba hiyo ipo, inawasaidia baadhi ya watu kupunguza maumivu, na wengine haiwasaidii. Akasema haitarudisha kilicholika kwenye goti, asinidanganye mtu. Nisiache mazoezi, dawa nimeze nikiwa nimekula, na nihakikishe sindano ni mpya na zinafunguliwa mbele ya macho yangu. Alinibadilishia na vidonge kwa ajili ya tumbo langu. Nikaona mlango umefunguka kiasi cha mtu mmoja kupita.

Tulipanda basi la Mikumi kwa barabara inayopita kijiji cha Ulaya, Mama Zuhura na mimi, amenipakatia mfuko wangu ili ninyooshe mguu. Alinifikisha kwa dada yake, akalala, akarudi, maana shamba lake lilikuwa linamngoja. Nikabaki kwa Bi Asha, nyumba iliyo jirani na barabara kuu, mahali ambapo malori ya Zambia hayanyamazi. Bi Asha ni mama wa maneno machache sana. Alinipa chumba cha uani na hakuniuliza nitakaa siku ngapi. Alikuwa anaswali swala zake, nami nilikuwa nakaa chumbani kwangu na Biblia yangu. Katika nyumba ya watu wema unaweza ukawa mpweke vilevile. Nilikuwa sina hata kuku wa kumwamkia.

Daktari anaitwa Yusta. Alinipokea kwa shikamoo, akanilaza, akaniuliza maswali mengi, akayasoma makaratasi ya Kilosa yote bila haraka. Aliyaona magoti yangu yamevimba. Akafungua pakiti ya sindano mbele yangu kama nilivyoagizwa nihakikishe. Kabla hajaanza nikamshika mkono.

"Daktari, unapochoma unasoma nini?"

"Sisomi kitu, mama. Nanyamaza nisikosee mahali."

"Na nguvu inatoka wapi?"

Alifikiri kwanza. Sikutegemea afikiri, nilidhani atanijibu haraka kama watu wenye haraka. Akanieleza kwamba Wachina wana maelezo yao ya zamani, na wataalamu wa siku hizi wana yao. Wengi wanaona kwamba mishipa ya fahamu ikiguswa vile, mwili hutoa kitulizo chake wenyewe, na bado wanabishana. Kisha akasema, "Kazi inafanywa na mwili wako, mama. Mimi nauamsha tu. Aliyeuumba unamjua wewe."

Nikamwachia mkono.

Alianza kwa kutafuta mahali. Aliweka mikono yake miwili juu ya goti langu la kulia, akapapasa polepole kwa vidole, pembeni, chini, nyuma ya goti, akiuliza hapa je, na hapa. Ndugu zangu, mikono yake ilikuwa na joto. Tangu Masanja afariki hakuna mtu aliyekuwa ameyashika magoti yangu. Watu walikuwa wameyaombea kwa mbali, wameyapiga picha, wameyazungumza. Hakuna aliyeyashika. Sindano ya kwanza iliingia na sikuisikia zaidi ya kuumwa na siafu mdogo, kisha uzito fulani, kama mtu anakanyaga kwa ndani. Lakini machozi yalikuwa yamekwisha kunitoka.

"Inauma?" akauliza.

"Haiumi."

Akanitazama. Nje kulikuwa na wagonjwa wakisubiri, nilikuwa nasikia wakikohoa. Kawaida yake ni kukuacha na sindano zako na kwenda kwa mwingine, akirudi baadaye kuzichomoa. Siku ile alivuta kigoda akakaa pembeni ya kitanda mpaka muda ukaisha. Nilimwambia habari zote za kisima.

Nataka niwe mkweli mbele za Mungu. Siku ile sikupona. Nilirudi kwa Bi Asha nikiumwa vilevile. Mara ya pili hivyohivyo. Nikaanza kuwaza kwamba nimeacha nyumba yangu bure, na kwamba Mzee Elikana alikuwa sahihi, na kwamba watu watasema Mama Kulwa amepoteza vyote viwili, magoti na imani. Nikafunga mfuko wangu. Bi Asha aliukuta umefungwa mlangoni, akasema, "Na mimi mara ya pili nilitaka kuacha." Kisha akaenda kukuna nazi. Nikaufungua.

Daktari Yusta aliendelea kunichoma, na kila mara alinisimamia mazoezi. Alinifunga kifuko cha mchanga mguuni, nainua, nashusha, nainua. Bi Asha alikuwa anayafanya na yeye nyumbani, sisi wawili tumekaa kwenye mkeka ukumbini tunainua miguu kama watoto wanaocheza, bila kusema kitu. Alikuwa anahakikisha nakula kabla ya dawa. Chakula chake kilikuwa na watu wawili mezani. Sijui niwaambie nini kilichonisaidia zaidi, sindano, au mazoezi, au ule mkeka. Daktari mwenyewe nilipomuuliza alisema hawezi kuvitenganisha, na hana haja.

Siku moja mchana wa jua kali nilimwomba Bi Asha maji. Nikanywa kikombe. Nikaomba kingine. Nikiwa katikati ya kile cha pili nikashtuka nikakitazama kikombe mkononi mwangu. Nilikuwa nimesahau kuogopa choo. Asubuhi ile nilikuwa nimekwenda na kurudi, nimechuchumaa na kuinuka, na sikukumbuka hata kushika ukuta. Nilisema, "Asante, Yesu," kwa sauti ndogo, na Bi Asha kutoka jikoni akasema, "Alhamdulillahi," na hakuna hata mmoja wetu aliyemweleza mwenzake ni kwa sababu gani.

Nilirudi Chanzuru kabla ya mavuno. Natembea kama mnavyoniona. Fimbo ninayo, naitumia kwenye mteremko na wakati wa mvua. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita magoti yananikumbusha yapo. Vidonge nameza mara chache, siku mbaya tu. Kupiga magoti siwezi bado, na Daktari Yusta ameniambia huenda nisiweze tena, kwa kuwa kilicholika kimelika. Nasali nimekaa. Nilipomwambia mchungaji kwamba sistahili kutoa ushuhuda kwa sababu sijapona kabisa, alinijibu niseme nilichonacho. Nami hicho ndicho nilichonacho.

Nilimpigia mwanangu Kulwa kule Lindi nikamweleza yote, mpaka kisima. Akasema, "Mama, hukuniambia." Nikamwambia ningekuambia uko mbali ungefanya nini, ungelia tu kule porini. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia ng'ombe. Nikamwomba aisogeze simu kwao. Akaisogeza. Nilisikiliza kengele zao na kutafuna kwao, ng'ombe wa Masanja na watoto wao nisiowajua, mpaka salio likaisha. Wanangu hawajaja bado. Wamesema mwakani, njia ikiruhusu. Jioni nyingi bado nakula peke yangu, na sitasema uongo madhabahuni kwamba hainiumi.

Lakini ndugu zangu, Mungu aliniokoa. Sikizeni alivyoniokoa. Aliniokoa kwa jirani ambaye sikuwahi kunywa naye uji, anayemwomba Mungu kwa namna yake, aliyekaa kwenye tope na nguo zake safi. Aliniokoa kwa daktari kijana wa Kilosa aliyekubali kuulizwa, na kwa mwanamke wa Mikumi mwenye mikono ya joto. Aliniokoa kwa Bi Asha na mkeka wake. Mzee Elikana aliniuliza ni kwa nguvu ya nani. Mzee wangu, kwa heshima zote, mimi sijui sindano inafanyaje kazi. Najua tu kwamba kila aliyenigusa katika safari ile, ni Bwana aliyemfikisha kwangu. Mama Zuhura amenisindikiza leo. Yuko hapo nje kwenye benchi, anaona haya kuingia. Mkitoka, msipite tu na habari za asubuhi. Kaeni naye.

Namaliza. Kuna mmoja wenu wiki hii alinisimamisha njiani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sindano zinauma. Sitamtaja, wala sitamtazama. Nakwambia wewe, na wengine mnaoumwa viungo na kujificha ndani: usiache hospitali, usiache dawa zako, muulize daktari wako kwanza, na usiache kumtumaini Mungu hata siku ambayo hujapona. Na usiende peke yako. Alhamisi ijayo ni zamu yangu ya kurudi kwa Daktari Yusta. Basi la Mikumi linapita mapema, nami nitakuwa nimekaa kituoni. Ukifika pale, sogea karibu. Nitakupakatia mfuko wako ili unyooshe mguu, na kama utapenda kunyamaza njia nzima, tutanyamaza wote wawili.

Bwana awabariki. Ameni.